Klachi Jikoni

Theluji ya Machi imeziba mlango wa banda,
kwa hiyo Jawa imehamia jikoni,
imeegemea kabati la vyombo,
matairi yake juu ya blanketi la jeshi.
Vendelín ameketi karibu na jiko, mikono mapajani.
Inatetemeka kama kifuniko cha birika.
"Kwanza mwaga oili," ananiambia.
Naimwaga. Nyeusi,
inanuka kizibo cha chupa kilichoungua.

Nilijua kabla yeye hajakiri.
Vuli, kwenye mteremko wa Kalvária,
injini ilinguruma kama fahali
na sisi pale pale,
tukipitwa na bibi mmoja na mbwa wake.
Kelele tele, mwendo hamna.
Akasema ni baridi. Kisha akasema ni petroli.
Miaka thelathini na minane namsikia mtu huyu
akiisingizia petroli.

Skrubu ya nne imekataa katakata.
"Igonge," anasema, "lakini usiipige.
Gonga kama unabisha hodi."
Nabisha. Inakaribisha.
Mfuniko unatoka, na ndani yake
springi tano zinanitazama.
Nazitoa moja moja,
nazilaza kwenye trei ya mayai.

"Nipe hiyo sahani niione."
Namwekea kiganjani. Anaikunjia vidole
isidondoke,
na inadondoka.
Inazunguka sakafuni, inazunguka,
inapunguza duara,
inalala.
Hakuna anayesema kitu.
Sahani yenyewe imelika hadi inang'aa,
laini kama sarafu ya zamani.

Miaka ishirini na mitatu alishika drili
chini ya mji huu, gizani, akifuata fedha
iliyokwishachimbwa na watu wa kale.
Daktari wa Zvolen anasema drili haihusiki.
Daktari hajawahi kumwona akifunga vifungo vya shati.

Sahani mpya zimelala usiku kucha ndani ya oili,
katika bati langu la kuokea keki.
"Humu huoki tena."
"Nitaoka," namjibu, "na utakula."

Asubuhi: kizibo, chuma, kizibo, chuma,
napanga tabaka juu ya tabaka,
yeye akihesabu kwa sauti, akikosea,
akinilaumu kwa kukosea.
Nafika kwenye fimbo ya kusukumia.
Gololi haipo.

Gololi moja, ndogo kuliko pilipili manga,
na bila yake unabana mkono wa klachi
na klachi haina habari.
Nimetambaa chini ya meza. Nimefagia.
Nimekung'uta kitambaa mara ya pili.
Nimemtukana mama wa aliyebuni pikipiki.
Vendelín amenyamaza,
kikombe cha chai kati ya mikono miwili,
na katika ukimya huo nasikia:
ti-ti-ti, ti-ti-ti,
chuma kwenye kaure.

Tumetazamana.
"Usinywe," nimemwambia.
Nimeiopoa kwa kijiko. Mkono wake
uliendelea kupiga kengele,
ingawa kikombe kilikuwa kimekwisha kusema.

Jumapili barabara imekauka katikati,
kingo zake bado nyeupe.
Napanda mimi mbele.
Yeye, ambaye hajawahi kukaa nyuma ya mtu,
anazunguka pikipiki mara mbili,
anakagua tairi lisilo na tatizo,
kisha anapanda.

Nabana. Natia gia. Naachia
polepole, kama alivyonifundisha jikoni
kwa kutumia mkono wa mlango wa friji,
na Jawa inashika.
Inashika na kuondoka nasi,
inapita kanisa la chini, inapita ukuta wa makaburi,
inaikabili Kalvária bila kupumua kwa shida.
Mikono yake kiunoni mwangu inatetemeka,
injini inatetemeka,
siwezi kujua ipi ni ipi.

Karibu na kilele ananigonga kofia, kama anabisha hodi.
Napunguza mwendo nimsikilize.

"Unaona?" anapiga kelele sikioni.
"Leo petroli nzuri."